Cha kujaza ndani ya kuta za fremu za mbao
Ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba viwili vyenye joto linalolingana hauna joto la kuzuia, hivyo kinachopaswa kuongoza uchaguzi wako ni kelele. Mimi ningechagua sufi ya mawe (nyuzi za kujazia ukuta zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa), kwa kuwa kwa kawaida ni nzito kuliko sufi ya kioo, haishiki moto, na hukatwa kwa kisu chenye meno ikakaa barabara kati ya nguzo bila kushindiliwa. Bodi za povu gumu ziache, maana hazifyonzi sauti vizuri. Kabla ya kufunga jipsamu, ziba kila upenyo, hasa kandokando ya soketi zilizopeana mgongo, kwa sababu kelele hupita penye tundu dogo hata kama ukuta umejazwa vyema.