Kamera ya kuzunguka imepoteza mwelekeo? Ikalibreti hivi

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nafunga kamera hapa Mbeya, na mvua zikianza umeme ukawa wa kukatika katika simu ninazopigiwa ni zile zile, "fundi kamera niliiweka iangalie geti, umeme umerudi sa hivi inaangalia ukuta". Wengi wanadhani imekufa. Haijafa, imepotea hesabu, na kuirudishia hesabu yake ndo kuikalibreti.

Kabla hujashika chochote elewa hili. Hizi kamera za nyumbani za bei ya kawaida nyingi hazina kitu cha kuziambia zimeelekea wapi, ndani kuna mota mbili ndogo, moja ya kushoto kulia na nyingine ya juu chini, zinatembea kwa hatua ndogondogo na kamera inazihesabu kuanzia pale kichwa kinapogota mwisho. Ndo maana ukiiwasha inajizungusha yenyewe mpaka igote halafu inarudi, hapo inatafuta sifuri yake. Sasa ukikigeuza kichwa kwa mkono hesabu inabaki ile ile ila jicho liko kwingine kabisa, na gia zenyewe ni za plastiki, meno yanakatika. Nawaomba sana msiigeuze kwa mkono, hata wakati wa kufuta vumbi.

Hatua ya 1, umeme. Adapta ikiandikwa 5V 2A usiweke chaja ya simu ya 1A, kamera itawaka na picha utaiona vizuri tu lakini mota zikianza kuvuta inazima. Kuna nyumba Uyole, hapa hapa Mbeya, nilikaa asubuhi nzima, kila ikizunguka inajiwasha upya, kumbe aliyeifunga aliunga ule waya mwembamba wa USB mita kama kumi hivi, volti zinaishia njiani. Nikavuta ekstensheni, adapta nikaisogeza karibu na kamera, ikatulia.

Hatua ya 2, ukutani. Tumia pima maji. Kitako kikilala upande, kamera ikizunguka picha nayo inalala na hakuna kalibresheni ya kukutoa hapo. Kwa nyumba zetu za tofali za kuchoma toboa tofali lenyewe, usitoboe kwenye udongo wa kiungio, weka fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani) kaza skrubu. Ukiining'iniza chini ya dari, geuza picha kwenye apu sasa hivi kabla ya kuhifadhi chochote.

Hatua ya 3 ndo kalibresheni yenyewe. Zima ufuatiliaji wa mtu (kamera kumfuata mtu yenyewe anapotembea), hakikisha waya haukivuti kichwa, ingia mipangilio tafuta kalibresheni ya mota (kila apu inaiita kivyake), bonyeza, halafu toa mkono kwenye simu mpaka itulie. Kama apu yako haina, chomoa umeme, subiri nusu dakika, rudisha.

Hatua ya 4, hifadhi sehemu zako, geti, mlango wa jikoni, banda la kuku. Kisha ijaribu, na hapa msiwe na haraka. Chagua alama moja kama nguzo ya geti, ipeleke kamera kulia mwisho irudi, ipeleke kushoto mwisho irudi. Ikipishana kidogo tu ni ulegevu wa gia, hamna shida. Ila kama kila ukirudia inazidi kusogea basi mota inaruka hatua, rudi hatua ya 1, na kama umeme uko sawa gia zimelika. Mwisho zima swichi kabisa uwashe uone inarudi wapi yenyewe, zingine zinarudi sehemu uliyochagua, zingine zinarudi katikati, na hiyo katikati ndo unatakiwa uielekeze getini wakati wa kufunga.

Usiku itazame tena. Taa za infraredi (za kamera kuonea gizani) zikigonga ukingo wa bati au utando wa buibui picha yote inakuwa nyeupe, na Juni Julai ukungu ukishuka ni hivyo hivyo, kwa hiyo inamishe kidogo. Migomba ikiwa mbele punguza usikivu au itoe kwenye eneo la kunasa mwendo, la sivyo simu italia usiku kucha. Dirisha la jirani lizibe kwenye apu lisionekane, faragha ni haki yake.

Ufuatiliaji wa mtu washa baada ya siku mbili tatu, ukishaona kila asubuhi nguzo ya geti iko pale pale ulipoiacha.