SOMO: Kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saadani kutokea Tanga bila kunasa

Wakuu, swali la "Saadani naendaje?" nimelijibu hadi nimechoka. Naandika mara moja tu.

1. Beba kitambulisho cha NIDA. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, ila athibitishe.

2. Langoni usitegemee noti. Weka pesa kwenye simu au kadi.

3. Alfajiri Pangani, pantoni hadi Bweni, kisha Mwera, Mkwaja.

4. UDONGO. Hapa ndipo nilipoumbuka. Ilikuwa Aprili, masika, mimi na shemeji na kigari kidogo. Njia imekauka juu kama chapati, kumbe chini uji. Udongo mweusi ule ukishika tairi hauachi. Tukashuka kusukuma, viatu mkononi, hadi askari alipotukuta: "Mnajua hapa kuna simba?" Hatukuwa tumefikiria. Kwa hiyo: usiende Machi hadi Mei, ukinasa, USISHUKE, piga simu langoni, namba yao iandike kabla hujaingia.

5. Usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda.

6. Lala. Ile ya waja leo waondoka leo tuiache mjini.

MASWALI

– Mkuu, Aprili naweza kwenda na kigari?
Namba 4.

– Nimesoma, ila changu kiko juu kidogo.
Changu nacho kilikuwa juu kidogo.

– Simba nitawaona kwa uhakika?
Wapo, ila vichaka ni vingi. Twiga, kuro na ngiri hawakosi. Ukitaka uhakika nunua picha.

– Kaka, binti yangu wa darasa la 5 ameambiwa kuna kasa. Ni kweli?
Kweli kabisa, dada, na hapo ndipo Saadani inapozishinda hifadhi nyingine zote nchini: imepakana na bahari. Kasa wa kijani hupanda ufukwe wa Madete usiku kutaga, na mayai huanguliwa baada ya miezi 2 hivi. Waulize askari kiota kipi kimekaribia. Zimeni tochi, maana vifaranga hufuata mwanga wakaikosa bahari. Siku ya pili mpandishe boti mto Wami, aone viboko na mamba.

– Mimi naongezea: kijijini Saadani kuna kamba wazuri, nendeni na deli la barafu.
Umenena. Lifungeni vizuri, nyani hawana adabu.

– Pantoni wanaruhusu deli?
Wanaruhusu hata mbuzi.