Gari ya safari ikipaki losizoni panya wanahamia, zuia mapema

Wakuu, mwezi wa nne huo unaingia, masika inapiga, wageni hakuna, na hapa Arusha gari kibao za safari zinalala yadi mpaka mwezi wa sita. Panya wanaujua huo muda kuliko sisi. Mwaka juzi niliipaki Land Cruiser wiki sita bila kuigusa, siku nakuja kuiwasha friji ya nyuma imekufa, indiketa haziwaki, nafungua boksi la eakilina, ile chujio ya hewa ya injini, nakuta punje za mahindi zimejaa kama ghala la mtu. Chini ya siti ya mwisho kuna kiota, sponji ya siti yangu mwenyewe imechanganywa na tishu za wageni, laini kweli, hata mimi ningelala. Fundi umeme akaondoka na laki tatu na nusu.

Sasa ninachofanya ni hivi. Siku ya kupaki natoa siti zote, sio kufagia juu juu, maana lanchi boksi za miezi yote zinaacha karanga, vipande vya keki na maganda ya ndizi kwenye reli za siti ambako ufagio haufiki. Napiga bloa, navuta na vakyumu, friji naisafisha naiacha mlango wazi. Mashuka ya kimasai, mito na tishu navipeleka nyumbani, visivyoenda nyumbani vinaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Watu wanadhani panya anafuata chakula tu, kumbe jike anatafuta pa kuzalia, na hawa panya shamba wanazaliana sana mvua zikinyesha, mmoja anaweza kushusha watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo.

Halafu matundu, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Subiri giza, ingia ndani ya gari funga kila kitu, mwenzako apite nje na chini ya gari na tochi kali anamulika polepole, wewe kila unapoona mwanga unapenya weka alama ya chaki. Kipimo ni penseli, tundu likipitisha penseli basi panya mdogo wa nyumbani anapita, kichwa kikishaingia mwili unafuata. Mimi nilikuta saba. Tatu zilikuwa kazi ya fundi aliyefunga friji, katoboa bodi kupitisha waya mnene akaacha hivyo hivyo. Nyingine ni pale waya zinapotoka kwenye injini kuingia dashibodi, raba imechoka, na chini ya waipa hewa inapoingilia.

Tundu la kawaida shindilia stiliwaya ya kusugulia sufuria, ile isiyoshika kutu, halafu paka silikoni juu. Silikoni peke yake au lile povu la kupuliza wanatafuna kama mkate. Ila karibu na waya wa umeme usiweke stiliwaya, inapitisha umeme utapiga shoti, hapo nunua raba mpya inayobana waya vizuri. Na matundu ya kutoa maji chini ya milango na ile njia ya hewa usizibe kabisa, gari itaoza, funga wavu wa chuma wenye macho chini ya nusu sentimita, piga riveti.

Nje kata majani, toa gari ukutani mita moja au zaidi na isikae karibu na stoo ya mahindi. Mchana naacha boneti wazi kama hakuna mvua, na kila baada ya siku tatu nne nawasha nazunguka nayo kidogo. Kabla ya kuwasha gonga boneti kwanza, paka pia wanalala humo.

Mitego ya springi weka pembeni ya kila tairi, chambo siagi ya karanga au dagaa wa kukaanga, kagua kila asubuhi. Sumu ndani ya gari sikushauri hata kidogo. Hizi sumu nyingi zinaua baada ya siku kadhaa, na ile stori kwamba akila anatoka nje kutafuta maji ni uongo, anafia ndani ya dashibodi na wewe una wageni Jumatatu. Vile vidude vya umeme vya kupiga sauti eti vinafukuza panya usipoteze hela, Marekani mwaka 2001 serikali iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi. Naftalini inanuka tu, wageni watalalamika kabla ya panya.

Ukikuta kinyesi usifagie kikavu, vumbi lake na mkojo vina magonjwa, na viroboto wa panya sio wa kuchezea, waulize watu wa Lushoto habari ya tauni miaka ya 80 na 90. Fungua milango nusu saa, vaa glovu na barakoa, nyunyizia Jik kipimo kimoja kwa maji tisa, subiri dakika kumi, futa na tishu, tupa.

Msimu uliopita nilinasa wawili, wote tairi la nyuma kushoto upande wa stoo ya jirani. Ndani hata punje moja sikukuta.