Somo: Kupuliza tarumbeta juu ya dub

Wapulizaji, somo hili ni lenu. Kwenye dub (rege iliyochanganywa upya studioni, ngoma, besi na mwangwi vikitangulizwa) isiyo na mwimbaji, tarumbeta, tromboni na saksafoni ndizo zinazoimba, na kazi ngumu kuliko zote ni kujua pa kunyamaza.

Hatua ya 1: Sikiliza. Anza na Don Drummond wa Skatalites, bendi ya ska ya Jamaika, kisha Rico Rodriguez katika albamu *Man from Wareika*. Wote ni wa tromboni, wote wametoka Alpha Boys School ya masista wa Kikatoliki mjini Kingston, na Rico alifundishwa na Drummond palepale. Halafu chukua albamu *Marcus Garvey* ya Burning Spear, mwimbaji wa rege (1975), uiweke sambamba na dub yake, *Garvey's Ghost* (1976). Sauti ya kuimba imepunguzwa mno, na hapo ndipo unasikia tarumbeta ya Bobby Ellis na tromboni ya Vin Gordon zilivyokuwa zimebeba nyimbo zile. Tafadhali msiiruke hatua hii.

Hatua ya 2: Ngoma na besi. Mapigo 75 kwa dakika yanatosha. Katika wandropu (mdundo wa rege unaoacha pigo la kwanza wazi), uzito wote uko kwenye pigo la tatu.

Hatua ya 3: Tunga kifupi. Baa mbili za mainari, kisha kimya baa mbili. Tromboni ifuate chini ya tarumbeta kwa sauti ya tatu (noti ya tatu ya ngazi ukihesabu kushuka). Wengi hujaza noti nyingi hapa, besi ikakosa pa kupumulia.

Hatua ya 4: Mwangwi. Upelekee noti ya mwisho tu. Kwa mwendo huu pigo moja ni milisekunde 800. Weka mwangwi milisekunde 600, urudi katikati ya mapigo badala ya kuyakanyaga. Kisha ukate sauti nzito kwenye mwangwi kwa mchujo. King Tubby, mwasisi wa dub aliyekuwa fundi wa redio na umeme, aliuzungusha mchujo kama huo wimbo ukiendelea, na ukawa ala kamili mikononi mwake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wimbo uko A mainari. Mimi napuliza saksafoni ya alto, mwenzangu tarumbeta ya B flati. Tunashika wapi?*
Wewe F shapu mainari, yeye B mainari, kwa kuwa noti za ala zenu huandikwa tofauti na zinavyosikika.

*Niko peke yangu na saksafoni moja. Itawezekana?*
Inawezekana kabisa. Rekodi mara mbili, ya pili chini kwa sauti ya tatu, nawe usogee mbali kidogo na maiki. Pumzi zikipishana kidogo usizisahihishe, zinafanya isikike kama watu wawili.