SOMO: Kurisiti (kurudia mtihani wa) PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ndani ya mwaka mmoja ili uingie uhandisi

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, naliweka hapa mara moja. Linamhusu aliyemaliza Kidato cha Sita, alama zikagoma, na anataka kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

1. Piga hesabu kabla ya kulipa chochote. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka masomo mawili yenye jumla isiyopungua 4.0, yale yanayotajwa na kozi yenyewe. Kwa uhandisi mara nyingi ni Fizikia na Hisabati ya Juu. Mwenye E ya Fizikia, E ya Hisabati na B ya Kemia ana pointi 2 tu hapo. Ile B haimwokoi. Na hiyo 4.0 inakuruhusu kuomba, haikupi nafasi.

2. Rudia yaliyokuangusha tu.

3. Jisajili mapema. Ukichelewa kuna faini.

4. Kituo cha mtihani. Hapa ndipo mwaka unapopotea. Watu wanachagua kituo kilicho karibu na nyumbani, wanasoma nadharia miezi tisa, halafu Mei wanakutana na vifaa vya Fizikia 3 (karatasi ya praktiko) ambavyo hawajavigusa tangu shule. Kabla ya kujisajili uliza: maabara ipo? Tutafanya praktiko mara ngapi kabla ya mtihani? Wakikujibu "tutaona", ondoka. Ukiwa maabara, angalia haya:
– Pendulamu: ukiachia, sema "sifuri", siyo "moja". Ukianza na moja, mabembeo yako 20 ni 19. T (muda wa bembeo moja) inapungua kwa 5% na g (mchapuko wa graviti) inatoka kama 10.9 badala ya 9.8. Ubaya wake, grafu inanyooka vizuri tu, kwa hiyo hushtuki.
– Mita briji (kifaa cha kupima ukinzani kwa waya wa mita moja): gusa waya kwa ncha ya kugusia, usiiburuze. Swichi usiiache imefungwa, waya ukipata joto ukinzani unabadilika. Ukiona galvanomita inatulia kwenye sm 8, badilisha ukinzani mpaka iangukie kati ya 30 na 70.
– Skeli ya grafu iende kwa 1, 2 au 5. Ukitumia 3 utakosea kuweka nukta.

5. Hisabati ya Juu, karatasi ya kwanza: maswali 10, saa 3. Ni dakika 18 kwa swali, zikiisha, hama.

6. Kuanzia Januari fanya mitihani iliyopita kwa saa, bila daftari pembeni.

MASWALI

Swali: Mkuu nina PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), BAM (Hisabati Tumizi ya Msingi) nina C. Civil (uhandisi wa ujenzi) naipata?
Jibu: Soma namba 1. BAM si somo kamili la tahasusi, haihesabiwi. Itabidi ufanye Hisabati ya Juu, na hiyo ni silabasi ya miaka miwili.

Swali: Ada shilingi ngapi?
Jibu: Iko kwenye tangazo la usajili la NECTA (Baraza la Mitihani). Lifungue.

Swali: Kwa hiyo unasema nadharia haina maana?
Jibu: Wapi nimesema hivyo?

Swali: Samahani kaka, kwa nini slopu (mteremko wa grafu) tunaambiwa tuitoe kwenye mstari na siyo kwenye jedwali, wakati namba za jedwali ndizo nilizopima?
Jibu: Swali zuri. Kila namba ya jedwali ina kosa lake. Mstari umeshayasawazisha yote kwa pamoja. Ukirudi kuchukua nukta mbili za jedwali umeyarudisha makosa ya hizo mbili. Halafu chora pembetatu kubwa. Kukosea milimita 1 kwenye upande wa sm 4 ni 2.5%, kwenye sm 16 ni kama 0.6%. Na usisahau kizio: T² dhidi ya l (urefu wa pendulamu), slopu ni s²/m.

Swali: Asante sana. Na nukta moja ikiwa mbali na mstari?
Jibu: Rudia kipimo chake kama muda upo. Ukikosa muda, iache ionekane na mstari upite bila kuifuata. Usiifute.

Nyongeza kutoka kwa mdau: Diploma nayo ni njia. Ukimaliza NTA 6 (ngazi ya diploma) ya uhandisi na GPA (wastani wa alama) kuanzia 3.0 unaomba digrii bila kurisiti.
Jibu: Kweli, ila ni miaka, siyo miezi. Apime mwenyewe.

Nyongeza nyingine: Kalkuleta! Hakikisha iko kwenye radiani unapofanya maswali ya mwendo wa bembea, kisha irudishe kwenye digrii. sin 2 kwa radiani ni 0.909, kwa digrii ni 0.035.
Jibu: Hiyo naipandisha juu kwenye somo.