Faili za Windows zikipotea baada ya kupandisha toleo

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi ambao ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kuanzia Masasi hadi Nachingwea huwa zimeelemewa na korosho. Kompyuta ikipandishwa kwenda Windows 11 halafu ikaanza kulalamika kwamba faili halipo, usikimbilie kuifuta yote.

Nyaraka zako zikiwa hazionekani, fungua kwanza C:\Windows.old\Users uzinakili kwenye flashi. Folda hiyo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10.

Kisha soma jina la faili linalodaiwa. VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll haziletwi na Windows yenyewe. Zinatoka kwenye Visual C++ Redistributable. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft, usakinishe x64 (biti 64) na x86 (biti 32) zote mbili, maana programu ya zamani ya biti 32 haiwezi kutumia ile ya biti 64. Kamwe usipakue dll moja moja kwenye tovuti za mitaani: hujui toleo lake wala kilichofichwa ndani.

Faili likiwa la Windows, kuna amri mbili, SFC na DISM, na mpangilio wake ndio unaokosewa sana. SFC hurudisha faili kwa kulichukua kwenye ghala la C:\Windows\WinSxS. Ghala likiwa bovu, SFC haina cha kuchukua. Kwa hiyo DISM, inayotengeneza ghala, itangulie.

DISM huchota faili mtandaoni. Kwa bando la simu ni afadhali upakue ISO ya Windows 11 (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha) mara moja, itumike kwa kompyuta zote za ofisi. Inazidi GB 4, hivyo flashi yenye FAT32 itaikataa hata kama ina nafasi: chukua flashi nyingine, si ile yenye nyaraka zako, uiformati exFAT. Andika winver uhakikishe toleo la kompyuta linafanana na la ISO. Bofya ISO mara mbili, ipate herufi, tuseme E. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Tazama namba iliyo kando ya toleo lako, Home au Pro, usibahatishe. Ikiwa ni 6:

dism /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Ukikuta install.esd, iandike kwenye amri badala ya install.wim, na wim: iwe esd:. Asilimia inaweza kuganda muda mrefu, iache. Kosa 0x800f081f maana yake chanzo hakikuonekana au hakilingani, basi rudia kukagua herufi, namba na toleo.

Sasa:

sfc /scannow

Zima uwashe, uiendeshe tena. Ikisema imeshindwa kurekebisha baadhi, majina yamo kwenye C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, kwenye mistari yenye [SR]. Faili zilezile zikiendelea kuharibika, shuku diski: chkdsk C: /scan.

Hatua nzito ni kuendesha setup.exe ya ISO hiyohiyo ndani ya Windows na kuchagua kubaki na faili na programu. Lugha ya ISO isipofanana na ya kompyuta, chaguo la kubaki na programu halitapatikana. Hatua hii huifuta Windows.old ya awali, na haivumilii umeme kukatika: chaji ya kompyuta mpakato iwe imejaa, ya mezani iwe kwenye UPS yenye betri nzima.