Kuweka Injini ya Rover V8 Katika MGB: Anza na Uzito, Nguvu Itafuata

MGB, gari dogo la michezo lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, lilitoka kiwandani likiwa na injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1798, ambayo ikiwa katika hali yake bora ilitoa takriban nguvu farasi 95. Bodi yake inaweza kuhimili zaidi ya hapo, na wengi wenye magari haya huwazia siku moja kulitia injini kubwa zaidi. Kabla ya kushika spana, ni vyema kufahamu kwamba kiwanda chenyewe kiliifanya kazi hiyo mara mbili, na matokeo yake yakatofautiana sana.

Mwaka 1967 ilitoka MGC, yenye injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2912 na nguvu farasi 145. Injini hiyo ilikuwa ya chuma, na ilizidi ile ya silinda nne kwa karibu kilo 95, zote zikiwa zimelalia magurudumu ya mbele. Gari likalalamikiwa kuwa zito kwenye usukani na gumu kuingia kona. Mwaka 1973 ikafuata MGB GT V8, yenye injini ya Rover V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya sentimita za ujazo 3528. Nguvu yake, farasi 137, ilikuwa chini kidogo ya ile ya MGC, lakini bloku na vichwa vyake ni vya aluminiamu, hivyo uzito wa mbele haukubadilika sana na gari likabaki na wepesi wake. Hilo ndilo linaloifanya Rover V8 kuwa chaguo langu la kwanza kwa gari hili. Anayeanza kwa kuuliza farasi ni wangapi, bila kuuliza kilo ni ngapi na zitakaa wapi, atajikuta na gari linalokimbia vizuri barabara iliyonyooka tu.

Kwa matumizi ya kawaida, injini ya lita 3.5 iliyotoka kwenye Rover SD1, ambayo hutoa takriban nguvu farasi 155, inatosha kabisa ikiwa silinda na kemshafti yake (shafti inayofungua vali) ni nzima. Ni vyema kuinunua pamoja na giaboksi yake ya gia tano, klachi, flaiwili na mota ya kuwashia, kwa sababu kutafuta vipande hivyo kimoja kimoja huchosha na mara nyingi havilingani. Kuhusu gari lenyewe, yale yenye bampa nyeusi za raba, yaliyoanza kutoka mwishoni mwa 1974, yana nafasi ya injini ambayo kiwanda kilikwisha kuirekebisha kuelekea V8, hivyo kazi ya kukata na kuchomelea bati hupungua sana. Bodi ya MGB ndiyo fremu yake. Kwa hiyo kutu kwenye vizingiti vya milango na mahali springi za nyuma zinaposhikia itibiwe kwanza, kwani injini yenye msukumo mkubwa itaupinda mwili uliooza.

Baada ya kuitoa injini ya zamani kwa chen bloki, usikimbilie kufunga mpya ikiwa kamili. Chukua bloku tupu, vichwa vitupu na ganda la giaboksi, uviunganishe na kuviteremsha mahali pake, kisha uvisogeze hadi utakaporidhika. Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika. Angalia sampu (bakuli la oili chini ya injini) isiguse krosmemba (boriti inayokatiza chini ya injini) wala reki ya usukani. Angalia nafasi kati ya bomba la moshi na shafti ya usukani, kwa kuwa hapo ndipo pabaya kuliko pote katika gari hili. Angalia pia urefu wa kabureta chini ya boneti. Kiwanda kilizihamishia kabureta mbili za chapa ya SU nyuma ya injini, kwenye manifodi maalumu, ili boneti ifungwe bila kuinuliwa. Kwa upande wa moshi, MG RV8, toleo la baadaye la gari hili lililotoka 1992, ilitumia manifodi zinazopita kwenye bati za pembeni na kuliepuka eneo la usukani, na mpangilio huo umeigwa na mafundi wengi kwa sababu unaondoa joto jingi.

Jambo jingine la kupima wakati huo ni pembe ya propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Mstari wa shafti inayotoka kwenye giaboksi na ule wa pinioni ya difu unapaswa kwenda sambamba. Ukipotoka, gari litatetemeka kwenye mwendo fulani na msalaba wa propela utakufa mapema. Ukisharidhika na vipimo vyote, ndipo uchomelee vishikio vya mauntingi.

Difu ya kawaida ya MGB ina uwiano wa 3.909, yaani mizunguko ya propela kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiiacha hiyo pamoja na giaboksi ya gia tano, safari ndefu itakuwa tulivu, lakini gia ya kwanza itakuwa fupi mno, ikiisha gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka. Kiwanda kilitumia uwiano wa 3.07 kwa V8, na kwa injini yenye msukumo kama huu ndio unaofaa zaidi.

Breki za mbele zinahitaji diski nene na kalipa kubwa kabla gari halijaingia barabarani. Hili halina mjadala. Radieta iwe kubwa zaidi, yenye feni mbili za umeme, na maji yawe na dawa ya kuzuia kutu wakati wote, kwa sababu aluminiamu huliwa haraka na maji matupu.

Sasa kuwasha kwa mara ya kwanza. Pampu ya oili ya injini hizi imo kwenye kifuniko cha mbele, na ikikaa kavu haiwezi kunyonya oili kutoka kwenye sampu. Fungua pampu, jaza gia zake mafuta safi ya mgando hadi pasibaki uwazi wowote, kisha ufunge. Chomoa distribyuta, ingiza bisibisi ndefu iliyofungwa kwenye drili, na uzungushe shafti ya pampu kwa mwelekeo ule ule wa distribyuta. Mwanzoni drili itazunguka kiurahisi. Oili ikishapanda utaisikia ikilemewa ghafla, na geji itainuka. Hapo tu ndipo distribyuta irudishwe, na waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2.

Ikiwa kemshafti ni mpya, usiiache injini iungurume polepole. Ipandishe mara moja hadi mizunguko 2000 au 2500 kwa dakika na uishikilie hapo kwa dakika 20 hivi, kwani kwenye mizunguko ya chini oili haizifikii vya kutosha tapeti (vipande vinavyosukumwa na kemshafti) na ncha za kemshafti zinaweza kulika siku hiyo hiyo. Awepo mtu wa pili wa kuangalia joto na uvujaji.

Badilisha oili na filta baada ya hapo, uwajulishe wasajili na kampuni ya bima kuhusu injini mpya, kisha uendeshe kwa upole kilomita chache na kurudi. Gari likipoa, pandisha jeki na ukaze tena bolti za mauntingi, za propela na za manifodi ya moshi, maana hizo za mwisho hulegea zaidi baada ya joto la kwanza.